Muhuri wa Kiazi

Alhamisi ile, saa kumi alasiri, Leodegar alimkabidhi Pazi karatasi ya hospitali, na Pazi akacheka mpaka msasa ukamdondoka mkononi.

Walikuwa uani kwa Pazi, Kibaha, kando ya njia ya kwenda viwandani Zegereni, wamesimama kila mmoja upande wake wa gari dogo la wazi. Lilikuwa Morris la zamani, lisilo na paa ila turubai la kukunja, gari ambalo baba yake Leodegar aliwahi kulitembeza Sikonge enzi za tumbaku. Injini ilikuwa kazi ya Leodegar, fundi wa majenereta kiwandani, aliyepanga chumba cha uani hapo hapo kwa Pazi. Bodi ilikuwa kazi ya Pazi. Injini ilikuwa inawaka tangu mwezi wa tano. Kilichochelewesha safari ya Sikonge kwa mama yake Leodegar ni bodi, na aliyechelewesha bodi ni Pazi mwenyewe, maana huyu mzee akishapiga puti na msasa hupitisha kiganja, huguna, hubandua, huanza upya. Ukimwambia mbona tayari, anakuuliza wewe umesomea wapi.

"Soma vizuri," alisema Leodegar.

Pazi alisoma juu, akasoma chini, kisha akausogeza muhuri karibu na jicho. "Huu umechonga kiazi au muhogo?"

Hapo lazima tumwelewe kidogo. Mwaka juzi Leodegar alimletea barua ya kumwita mahakamani kwa kosa la kuiba kuku wa jirani, barua yenye muhuri wa zambarau ulionakshiwa vizuri kabisa. Pazi alikaa siku mbili hali wala halali. Akanunua shati jeupe la kwendea mahakamani. Siku ya tatu, Leodegar akamwonyesha nusu ya kiazi mbatata alichokichonga kwa kisu, na mtaa mzima ukacheka mwezi mzima. Mzaramo kama Pazi na Mnyamwezi kama Leodegar ni watani, na mtani hakasiriki. Akikasirika, aibu ni yake.

"Safari hii si kiazi," alisema Leodegar. "Moyo umetanuka, mtani. Wanataka nilale wodini, nimekataa. Nataka nimwone mama kwanza. Tuondoke kesho."

"Kesho? Na Jumamosi mwali anatolewa nje kule Chole? Nimeshamwahidi dada yangu Hajira gari!"

"Mwali atatoka hata kwa kubebwa mabegani."

"Wewe mbeba mizigo, nisikilize. Miaka kumi na tisa hujaenda kwa mama yako, leo ndiyo moyo umetanuka? Kama ni kufa, ngoja Jumapili. Jumamosi nina shughuli."

Leodegar alimtazama. Angekuwa anazungumza na mtu mwingine yeyote, angesema, ndugu yangu, naogopa, usiku sipumui. Lakini watu hawa wawili walikuwa hawajaambiana neno la kawaida kwa miaka ishirini. Hata Pazi alipofiwa na mwanawe wa kiume, Leodegar alikuja na sahani akidai nyama ya msiba, na ndivyo alivyomliwaza. Sasa alitafuta maneno mengine, hakuyapata.

"Haya," akasema. "Nitangoja Jumapili. Lakini usije ukanizika na lile shati lako la mahakamani."

Wakacheka wote wawili. Leodegar akaikunja ile karatasi, akairudisha mfuko wa shati.

Zuleha, mke wa Pazi, ndiye aliyekuwa akipika chakula cha watu wote wa ua ule, na kwa sababu ndiye aliyewatengea mkeka, ndiye aliyeiona miguu. Jioni ile Leodegar alikuja na kandambili, vidole vimevimba na kubanana.

"Shemeji, miguu hiyo vipi?"

"Wali wako wa nazi, shemeji. Mnyamwezi hajazoea nazi, inateremka yote miguuni."

"Toka hapa!" Zuleha akacheka, akamwongezea mchuzi. Lakini Raudha, binti yao, aliyekuwa akiuza katika duka la dawa Maili Moja, hakucheka. Alichuchumaa, akabonyeza mguu wa Leodegar kwa kidole gumba. Alipouondoa mkono, kishimo kikabaki.

"Baba mdogo, hii si nazi. Kesho twende hospitali."

"Nimetoka huko, mwanangu. Muulize baba yako, karatasi kaiona."

Raudha alimfuata baba yake nyuma ya nyumba alipokuwa akinawa. "Baba, Baba mdogo anaumwa kweli."

"Yule mtu alininunulisha shati la mahakamani, Raudha."

"Baba, mguu hauchongwi kwenye kiazi."

Pazi akainua mikono kwenye maji. Maji yalimchuruzika kwenye viwiko na hakuyafuta. Tusimfiche, jambo lilimwingia. Kwa muda wa kunawa mikono tu, alijua. Kisha akamkumbuka shemeji yake Yahya, mume wa dada yake Hajira, aliyesema mwaka jana mbele ya ukoo mzima pale Chole, "Fundi magari, lakini harusini kaja kwa bodaboda!" Watu walimcheka Pazi na mchanga wake kwenye suruali. Yahya si mtani, ile haikuwa utani.

"Siku mbili tu," alimwambia binti yake. "Jumapili alfajiri tuko njiani. Chalinze, Morogoro, Dodoma, Manyoni, Itigi, Tabora, mpaka Sikonge mlangoni kwa mama yake. Na ninampeleka mimi mwenyewe, nimekaa pembeni yake. Siku mbili haziui mtu."

Raudha alitaka kusema neno, lakini baba yake alikuwa ameshageuka kwenda kupitisha kiganja kwenye bodi.

Jumamosi Leodegar ndiye aliyeendesha, maana Morris lile halikumsikia mtu mwingine. Gia ya pili ilitaka kubembelezwa, na Pazi kila alipoijaribu ilimtukana. Zuleha na Raudha walikaa nyuma na sufuria za pilau mapajani. Walipita Kisarawe mjini turubai limekunjwa, rangi ya kijani inang'aa, na vijana wa bodaboda wakapiga honi. "Mzee, hicho chuma!" mmoja alipayuka. Pazi alikaa mbele amenyoosha shingo, akipunga mkono. Nani atamlaumu? Maisha yake yote alikuwa amenyoosha magari ya watu.

Chole walipokelewa kwa vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Hajira alimkumbatia kaka yake akilia kwa furaha. Yahya alilizunguka gari mara mbili, mikono nyuma.

"Shemeji, kweli hii ni kazi ya mikono yako?"

"Kwani nyie mlidhani huwa nafanya nini Kibaha?" alijibu Pazi. Kauli hiyo alikuwa ameitunza mwaka mzima.

Mwali, Naila, mjukuu wa Hajira, alitolewa ndani amefunikwa kanga mpya, shanga kiunoni na usoni unga wa dhahabu. Sikudhani, kungwi wake, alimkalisha juu ya mgongo wa kiti cha nyuma, naye akakaa ubavuni kumshika. Ngoma ikatangulia, gari likafuata taratibu, wanawake wakilizunguka na kumtunza mwali noti. Leodegar alibaki kwenye usukani. Walimtaka ashuke anywe maji, akasema mchanga wa Wazaramo una madeni, akiukanyaga utamdai. Watu wakacheka. Ukweli ni kwamba kandambili zilikuwa hazimwingii tena, amezificha chini ya kiti.

Aliyemwona ni Naila. Mwali hutakiwa ainamishe macho, na macho ya Naila yalipoinama yaliangukia kwenye kile kioo kidogo cha dereva. Aliona midomo imegeuka rangi, kama mtu aliyekula zambarau. Aliona jasho. Mwali hasemi, amefundwa hivyo wiki nzima. Hata hivyo alimnong'oneza Sikudhani, "Kungwi, yule mzee anaumwa."

Sikudhani alimfinya paja. "Macho chini."

Wakazunguka kijiji mara tatu. Mara ya tatu Yahya akaja dirishani, amebadilika, mpole kama mtu anayeomba kazi. "Shemeji, tungefika na Marui. Ndugu zangu wote wako kule, wakamwone mwali."

Marui! Yahya anamwomba yeye, Pazi, mbele ya watu. Pazi aligeuka kwa dereva wake. "Mtani, Marui na kurudi."

"Mtani, nimechoka," alisema Leodegar, kwa sauti ya chini.

"Mnyamwezi gani anachoka? Babu zako walitembea mpaka Bagamoyo na pembe za ndovu kichwani, wewe umekaa kwenye kiti unalalamika!"

Watu walivunjika mbavu, Yahya akiwa wa kwanza. Leodegar naye akacheka, kwa sababu utani ulikuwa mzuri kwelikweli, na mtani mwema hutoa haki. Akabembeleza gia ya pili, wakaenda Marui. Njiani mchanga uliwanasa mara mbili. Walishuka kusukuma wote isipokuwa mwali, kungwi na yeye.

Walirudi Kibaha jua limeshazama. Raudha alimshika Leodegar mkono kumtoa kwenye gari, akausikia ni wa baridi. "Twende hospitali sasa hivi, Baba mdogo. Nakuomba."

"Kesho, mwanangu. Wakinilaza leo, sitatoka. Mama ameshafagia uwanja."

Jumapili kabla hakujakucha vizuri, Zuleha alikuwa ameshakanda, ameshachoma chapati, amejaza chai chupa mbili. Mlango wa chumba cha uani ulikuwa wazi na kitanda kimetandikwa. Leodegar alikuwa kwenye gari. Alikaa kiti cha abiria, shati jeupe, mkoba mapajani, kitenge cha kumpelekea mama yake kimekunjwa juu ya mkoba. Miguu mitupu.

Pazi alitoka akipiga miayo, akamwona. "He! Umekaa kiti cha bosi? Leo nani anaendesha, mimi? Basi tutafika Sikonge kwa gia moja!"

Pazi akalizunguka gari, akamkaribia.

"Mtani. Amka, au ndiyo umeshakufa?"

Akamtekenya ubavuni. Mwaka jana Leodegar alijifanya amezirai kwenye shimo la karakana, na Pazi alipoanza kupiga kelele za kuomba msaada mwenzake akafumbua jicho moja akamwomba sigara. Kwa hiyo Pazi alikaa kiti cha dereva, akawasha injini, akasubiri lile jicho moja. Injini ilinguruma safi. Akamsimulia jinsi Yahya alivyomsindikiza mpaka barabarani akimbebea sufuria. Akasimulia yote, mpaka mwisho, akicheka peke yake.

"Haya," akasema hatimaye. "Nimekubali, umenishinda. Fumbua."

Zuleha alikuwa amesimama mlangoni na chupa za chai. Aliuona ule uso na alijua zamani. Akakaa kizingitini. "Baba Raudha," akamwambia mumewe, "zima gari."

Saa tatu simu ya marehemu ikaita mfukoni mwa shati lake. Pazi aliitoa pamoja na ile karatasi, akapokea kwa sababu alikuwa hajui tena anachofanya. Sauti ilikuwa ya mwanamke mzee, anayepiga kelele kama wanavyofanya wasiosikia vizuri.

"Leodegar, mwanangu! Mmefika Dodoma?"

Pazi aliisogeza simu mbali na sikio.

"Nimewatengea kivuli cha kuliweka gari! Leodegar? Unanisikia?"

"Bado hatujaondoka, mama," alisema Pazi. Raudha akamnyang'anya simu, akaenda nayo nyuma ya nyumba. Baada ya dakika mbili tatu Pazi alisikia binti yake analia kwa sauti, na akajua kwamba kule Sikonge nako wanalia.

Aliifungua ile karatasi. Muhuri ulikuwa wa bluu, umefutika upande mmoja. Alilamba kidole, akausugua. Haukutoka.

Jumanne mchana ua ulijaa. Walikuja wafanyakazi wenzake wa Zegereni na makoti yao ya kazi, wakaja Wanyamwezi wa Kibaha na wa Dar es Salaam, na Hajira na Yahya kutoka Chole. Amiri, mpwa wa marehemu, kijana wa Mbagala mwenye adabu zake, alikuwa amepata gari la kukodi la kusafirisha mjomba wake. Sanduku likatolewa, likapakiwa. Wanawake walilia. Kisha kikafika kile kipindi ambacho watu wa Pwani wanakijua, cha mtani kulizuia sanduku mpaka apewe haki yake, macho yakaanza kuzunguka.

"Mtani wake yuko wapi?" aliuliza mzee mmoja wa Kinyamwezi. "Miaka ishirini wanataniana, leo kajificha?"

"Kakimbia deni!" mwingine akadakia.

Pazi akatoka chumbani. Alikuwa amevaa lile shati la mahakamani, kwa sababu ndilo shati jema pekee alilokuwa nalo. Waliokijua kisa hicho, na mtaa mzima ulikijua, wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Akawapita. Akaenda mpaka mbele ya gari lenye sanduku, akajilaza chali mchangani, kichwa kikielekea gurudumu.

"Haendi mtu!" alisema.

Shangwe ikalipuka. Amiri, machozi yakiwa bado mashavuni, akatabasamu kama inavyotakiwa, akainama. "Babu mtani, tukupe ngapi utuachie njia?"

"Sitaki kitu. Mshusheni. Gari lake lile pale, tenki limejaa. Mwekeni kwenye gari lake!"

Watu walicheka wakashikana mabega. Mtu akapiga kofi bodi ya Morris. Yahya alimwambia jirani yake kwa fahari, "Huyo ni shemeji yangu."

"Mimi ndiye niliyemuua," Pazi alisema, na sauti yake ikakatika. "Alinionyesha karatasi. Aliniambia tuondoke Ijumaa. Nikamwambia kama ni kufa, angoje Jumapili. Akangoja, jamani! Akanisikiliza, akangoja!"

Yule mzee wa Kinyamwezi alikuwa akijifuta macho kwa kucheka. "Mtani huyu anaijua kazi yake! Mnaona mpaka machozi?"

"Nilijua!" Pazi alipiga kelele. "Raudha aliniambia, nikajua, nikampeleka Marui! Jamani, sitanii!"

Hapo ndipo walipocheka kuliko mara zote. Wafanyakazi wa kiwandani, waliokuwa hawajacheka tangu asubuhi, walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Noti ya elfu moja ikarushwa, ikamtua kifuani. Ikafuata nyingine, na ya elfu mbili, na sarafu. Pazi aliendelea kusema, lakini hayakusikika tena. Midomo tu ndiyo iliyokuwa ikienda, na machozi yakimwingia masikioni.

Raudha aliingia ndani akafunga mlango. Zuleha ndiye aliyekuja. Aliwapita watu, akapiga magoti mchangani, akashika mkono wa mumewe.

"Inuka, Baba Raudha. Watu wana safari ndefu."

Pazi akamvuta kanga, macho yamemtoka. "Wewe unaniamini, Zuleha? Unaamini ninavyosema?"

Zuleha alikuwa ameishi na mtu huyu miaka thelathini na nne, na hakuwahi kumdanganya.

"Nakuamini," alisema.

Pazi akaacha kulia. Aliinuka mwenyewe, polepole, akasogea pembeni, na watu wakampigia makofi. Gari lenye sanduku likawashwa, likageuka, likaingia barabarani kuelekea Mlandizi na Chalinze, na Amiri akampungia mtani mkono dirishani.

Zuleha alibaki ameinama akiokota zile noti moja moja. Alizipangusa mchanga, akazikunja, akamtilia mumewe mfuko wa shati. Ilikuwa haki yake.